Jumatatu simu hazipati anwani: tuongeze kifurushi, tupanue maski, au tugawe mtandao?

"Makao makuu yetu yana wafanyakazi 60, kila mmoja ana kompyuta na simu. Mara mbili kwa mwezi, siku ya Jumatatu, maofisa mauzo 28 wa mikoani huja kikaoni na simu na tableti zao. Kila Jumanne na Alhamisi tuna mafunzo ya mawakala, watu 32 kwa siku, na kila siku wanakuja wapya. Mtandao wetu ni 192.168.1.0 wenye maski ya 255.255.255.0, na Windows Server inagawa anwani kuanzia .50 hadi .250. Kamera 24, printa 5, mashine 2 za alama za vidole na vifaa vingine tumeviandikia anwani kwa mkono. Jumatatu za kikao, ikifika saa tatu asubuhi, simu zinaganda kwenye 'inapata anwani ya IP', na kompyuta mpakato kadhaa zinaonyesha anwani ya 169.254. Wiki iliyopita printa ya uhasibu, yenye .70, ilianza kupotea na kurudi. Mtoa huduma anasema tuongeze kifurushi. Rafiki yangu anasema nibadilishe maski iwe 255.255.0.0 yaishe. Bosi anauliza tununue anwani ngapi. Na mwezi ujao natakiwa kuliunganisha tawi la Morogoro kwa VPN, nalo linatumia 192.168.1.0. Fundi ni mimi peke yangu. Nianzie wapi?"

Pole na kazi, ndugu yangu. Anzia kwenye muda ambao seva yako inakodisha anwani. Hilo utalifanya leo bila kununua kitu. Ila kwanza tuwajibu hao watatu, maana ushauri wao ukifuatwa utakula pesa na tatizo litabaki.

Kifurushi hakihusiki. Kifurushi ni upana wa barabara inayotoka nje ya jengo, na simu zako hazijapata hata kibali cha kuingia barabarani. Ukiongezewa kasi mara kumi, Jumatatu ya kikao zitaganda vilevile.

Bosi naye mwambie kwamba anwani za ndani hazinunuliwi. Tangu mwaka 1996 kuna mafungu matatu yaliyotengwa rasmi kwa matumizi ya ndani, bure kwa yeyote: 10.0.0.0 hadi 10.255.255.255, 172.16.0.0 hadi 172.31.255.255, na 192.168.0.0 hadi 192.168.255.255. Fungu la 10 pekee lina anwani zaidi ya milioni 16. Zenye uhaba ni anwani za umma, zile zinazoonekana kwenye intaneti. Kwa bara letu zinagawiwa na AFRINIC, yenye makao yake Mauritius, na tangu Januari 2020 ipo kwenye hatua ya mwisho ya kugawa akiba yake ya IPv4, yaani hizi anwani za namba nne. Wewe unahitaji moja tu ya umma isiyobadilika, kwa ajili ya VPN (njia ya siri inayounganisha ofisi mbili kupitia intaneti), na hiyo utaiomba kwa mtoa huduma wako.

Ushauri wa rafiki una chembe ya ukweli ndani yake. Nitaurudia chini.

Sasa tuitazame hiyo 169.254. Hakuna seva iliyoitoa. Kompyuta inapoomba anwani ikakosa jibu, hujipachika yenyewe anwani kutoka fungu hilo ili angalau iweze kuzungumza na jirani zake. Inakwambia kitu kimoja tu: niliomba, sikujibiwa. Sababu inaweza kuwa kwamba seva imeishiwa, au kwamba ombi halikuifikia. Kuzitofautisha ni kazi ya dakika mbili. Chukua kompyuta iliyokwama, iandikie kwa mkono anwani ambayo una hakika haina mtu kati ya .2 na .49, pamoja na maski (namba inayosema mtandao wako una ukubwa gani), lango (ruta inayotoka nje) na DNS (seva inayotafsiri majina ya tovuti). Ikipata intaneti papo hapo, njia ni nzima na fungu ndilo limekauka. Kisha kwenye seva fungua PowerShell, uandike Get-DhcpServerv4ScopeStatistics. Safu ya PercentageInUse ikisoma 100, au karibu yake, umemkamata mwizi.

Nami nina hakika utamkamata, kwa sababu hesabu za swali lako zinasema hivyo. Kuanzia .50 hadi .250 ni anwani 201. Jumatatu ya kikao, jengoni kuna kompyuta 60, simu 60, na vifaa 56 vya watu wa mikoani. Jumla 176. Vinatosha, na anwani 25 zinabaki! Vipi basi ziishe?

Fikiria gesti. Mgeni amelipia siku 8, akalala usiku mmoja, akaondoka bila kuaga. Chumba kitupu, lakini kwenye daftari la mapokezi bado ni chake. DHCP, huduma ya seva inayogawa anwani, hufanya kazi namna hiyo, na muda wa kawaida wa Windows Server, usipouhariri, ni siku 8. Mawakala 32 wa Jumanne wanazishikilia anwani zao hadi Jumatano ya wiki inayofuata. Wale 32 wa Alhamisi, hadi Ijumaa. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi daftari lina majina 120 ya wafanyakazi wako na 64 ya watu waliokwishapanda basi kurudi kwao. Hiyo ni 184. Zimebaki 17, na mlangoni wanaingia maofisa mauzo na vifaa 56, ambao anwani zao wenyewe zilikwisha muda kwa kuwa huja baada ya majuma mawili. Wa kwanza kumi na saba wanapata. Waliobaki wanakupigia simu.

Huenda hali ni mbaya kuliko hesabu hiyo. Simu za Android kuanzia toleo la 10, na iPhone kuanzia iOS 14, haziutoi utambulisho wao halisi wa MAC (namba ambayo mtandao hukitambulia kifaa) kwenye Wi-Fi. Hutunga mwingine, mmoja kwa kila jina la Wi-Fi. Kama ofisi yenu ina majina mawili, tuseme moja la kawaida na jingine lenye "5G" mwishoni, yote yakiingia mtandao uleule, simu moja ikiyatumia yote mawili huandikwa mara mbili kwenye daftari na kukalia vyumba viwili. Yaunganishe yawe jina moja, ziache akses pointi, vifaa vinavyorusha Wi-Fi, zenyewe zichague masafa.

Haya, marekebisho. Fungua sifa za skopu (fungu la anwani ambalo seva inagawa) kwenye seva, punguza muda wa kukodisha kutoka siku 8 hadi saa 8. Usishawishike kuweka dakika 10. Kifaa huomba kuongezewa muda kinapofika nusu ya mkataba, na kikikosa jibu hujaribu tena. Kikifika asilimia 87.5 huanza kuuliza seva yoyote inayosikia. Kwa mkataba wa saa 8, seva ikizimika umeme ukikatika, kifaa kilichokwisha kupata anwani kina angalau saa 4 za kupumua. Kwa dakika 10, ofisi nzima inaanguka kabla hujapata ufunguo wa chumba cha seva. Ujue pia kwamba Windows Server huongeza saa 4 za hisani baada ya mkataba kuisha ndipo ifute jina. Usishangae kuona yaliyokwisha bado yameorodheshwa.

Kuna jambo linalowachanganya wengi hapa. Mabadiliko hayo hayagusi mikataba iliyokwisha kutolewa. Kompyuta za wafanyakazi zitaupata muda mpya zitakapoomba kuongezewa, ndani ya siku 4. Waliokwisha kuondoka watakaa daftarini mpaka siku zao 8 ziishe. Kama kikao ni Jumatatu hii, Jumapili jioni ingia kwenye orodha ya mikataba, ipange kwa tarehe ya kuisha, ufute ya simu za mafunzo. Usifute ovyo: kufuta hakukiarifu kifaa chenyewe. Ukifuta mkataba wa kompyuta iliyo hewani, seva inaweza kumpa mwingine anwani hiyo na hao wawili wakagombana. Ukiwa hapo, weka idadi ya majaribio ya kugundua mgongano iwe 1. Kwa kawaida ni 0, maana yake seva hutoa anwani bila kupiga hodi kwanza. Hodi hiyo si kinga kamili, kwa sababu simu iliyolala au kompyuta yenye fayawoli kali haijibu ping, ambayo ndiyo hodi yenyewe.

Na hapo ndipo printa ya uhasibu ilipoumia. Anwani .70 imo ndani ya .50 hadi .250. Mliiandika kwenye printa, lakini seva haijui. Siku zote ilikuwa na namba nyingine za kutoa. Fungu lilipobana ikafika kwenye .70, ikaikuta haina jina, ikampa simu ya mtu. Toka hapo karatasi za uhasibu zinategemea nani amejibu haraka. Tafuta MAC ya printa: ipo kwenye ukurasa wa mipangilio ambao printa yenyewe huuchapa. Iwekee nafasi ya kudumu kwenye seva kwa hiyo MAC, halafu iondoe kwenye kuandikwa kwa mkono, ichukue kwa DHCP. Fanya hivyo kwa printa zote na mashine za alama za vidole. Siku ya kuhamisha mtandao utabadilisha mahali pamoja badala ya kuzunguka na ngazi. Seva, lango na swichi ndivyo vibaki na anwani za mkono.

Kabla ya kuamini kwamba yamekwisha, hakikisha huna mgawaji wa pili. Kwenye kompyuta yenye shida andika ipconfig /all, usome mstari wa DHCP Server. Ukiona anwani isiyo ya seva yako, kuna mtu ameleta ruta ya nyumbani ili Wi-Fi ifike mezani kwake, na waya ameuchomeka kwenye tundu la LAN. Ruta hiyo sasa inagawa anwani kwa kila anayeisikia. Swichi zinazosimamika, yaani unazoweza kuingia na kuzipanga, zina kinga inayoitwa DHCP snooping: unaziambia porti (tundu la waya) ipi tu ndiyo inaruhusiwa kutoa majibu ya DHCP. Ukisahau kuiamini porti inayoelekea kwenye seva, umeifungia ofisi nzima. Iwashe jioni.

Sasa kwa rafiki yako na maski. Kupanua mtandao wa 192.168.1.0 kunawezekana, ila watu wengi hukosea palepale mwanzoni. Ukiweka 255.255.254.0 unapata anwani 510, lakini hazianzii 1.0 kwenda 2.255. Zinaanzia 192.168.0.0 hadi 192.168.1.255, kwa sababu mtandao wa ukubwa huo lazima uanze kwenye namba shufwa. Fundi anayeanza kugawa 192.168.2.x anagawa anwani zisizo za mtandao huo, na lango haliwezi kuzifikia. Pili, Windows Server hairuhusu kubadilisha maski ya skopu iliyopo. Utaifuta na kuiunda upya, kwa hiyo toa kwanza nakala ya nafasi zote za kudumu. Tatu, na hili ndilo huwatesa watu kwa wiki nzima, ni vile vifaa vya mkono vilivyobaki na maski ya zamani. Kompyuta yenye 192.168.0.80 inatuma kazi moja kwa moja kwa printa ya 192.168.1.70. Printa, kwa maski yake ya zamani, inaona 0.80 ni mgeni wa nje, inapeleka jibu kwa lango. Fayawoli ya lango haikuona mazungumzo yakianza, inalitupa jibu. Kwa hiyo printa inafanya kazi kwa nusu ya ofisi na imekufa kwa nusu nyingine, na kila mtu anakwambia ni wino.

Hiyo 255.255.0.0 ndiyo siipendi kabisa. Maski kubwa yenyewe haizalishi kelele, vifaa ndivyo. Lakini itameza 192.168 nzima, pamoja na Morogoro na nyumba za wafanyakazi wako wote. Isitoshe inakaribisha kuendelea kurundika kila kitu chumba kimoja: simu ya wakala aliyekuja mara moja, kamera, na kompyuta ya mishahara. Kila kifaa kikiuliza "nani ana anwani fulani?" wote husikia, na kwenye Wi-Fi matangazo hayo hurushwa kwa kasi ya chini kuliko zote, yakila muda wa hewa wa kila mtu.

Dawa ya kudumu ni kugawa. Swichi inayosimamika na akses pointi za kiofisi huweza kubeba mitandao kadhaa juu ya waya uleule kwa VLAN, yaani mitandao iliyotenganishwa kwa mipangilio badala ya waya. Mpango ambao ningeutumia kwako (/24 ni maski ya 255.255.255.0, /23 ni 255.255.254.0):

VLAN 10, kompyuta: 10.20.10.0/24
VLAN 20, simu na tableti za kazi: 10.20.20.0/23
VLAN 32, wageni na mafunzo: 10.20.32.0/24, mkataba wa saa 2
VLAN 40, printa na mashine za vidole: 10.20.40.0/24
VLAN 50, kamera: 10.20.50.0/24
VLAN 99, swichi na akses pointi: 10.20.99.0/24

Namba ya tatu ni namba ya VLAN, ili ukiona 10.20.50.17 ujue ni kamera bila kufungua daftari. Wageni nimewapa 32 na si 30 kwa makusudi: mtandao wa /22, wenye ukubwa wa /24 nne, huanza kwenye namba inayogawanyika kwa 4, hivyo 32 inaweza kukua hadi 35 bila kuhamisha mtu, ilhali 30 ingekwama. Simu zinaanza na /23 kwa kuwa ndizo zinazoongezeka kila mwaka. Kamera, kabla hujazihamisha, angalia zimechomekwa wapi. Kama zimeingia kwenye porti za PoE (zinazopitisha umeme kwenye waya wa mtandao) nyuma ya mashine ya kurekodi, kwa kawaida zina mtandao wao humo ndani, na kinachohitaji anwani yako ni mashine hiyo moja tu.

Seva yako moja itatosha kugawia VLAN zote, kila moja na skopu yake. Ombi la DHCP ni tangazo, na matangazo hayavuki VLAN, kwa hiyo kwenye lango la kila VLAN washa DHCP relay ielekee kwenye seva. Lango hugonga anwani yake kwenye ombi, na kwa muhuri huo seva hujua ichukue skopu ipi. Ukisahau, VLAN mpya itakuonyesha 169.254 ileile ya zamani na utadhani umeharibu.

Usihamishe vyote kwa usiku mmoja. Anza na wageni. Hao peke yao wakitoka, majina 64 yanaondoka kwenye daftari la ofisi, na hakuna kazi ya ofisi inayowategemea. Wazuie kwenda kwenye mafungu yote matatu ya ndani, isipokuwa DHCP na DNS, na washa kinga ya kutoonana wao kwa wao. Kama mwaka huu bajeti inaruhusu jambo moja tu, liwe hili. Wiki ya pili simu za kazi, kisha kamera. Kompyuta na printa ziwe mwisho, Jumamosi, baada ya kuuliza kama mfumo wa uhasibu umeandikiwa anwani ya seva badala ya jina lake. Mara nyingi umeandikiwa.

Morogoro sasa. Pande mbili zikiwa na 192.168.1.0, kompyuta ya kule ikitaka seva yako ya 192.168.1.10 inaiona ni jirani yake wa ndani. Inaita humohumo ofisini, na haipeleki chochote kwa ruta, sembuse kwenye VPN. Kuna njia ya kutafsiri anwani za upande mmoja zionekane tofauti, lakini ni kiraka kinachokuchosha kila ukitafuta kosa. Tawi ni dogo. Libadilishe liwe 10.21.0.0, kwa mpangilio uleule wa VLAN. Tawi la tatu litakuwa 10.22. Epuka 192.168.0, 192.168.1 na 10.0.0, kwa sababu ruta nyingi za nyumbani huja nazo. Epuka pia 192.168.8 na 192.168.100, unazozikuta kwenye modemu na vifaa vingi vya nyuzi vya Huawei. Vinginevyo mfanyakazi atakayejiunga akiwa nyumbani atapata mgongano huohuo.

Tazama pia anwani ya nje ya ruta ya Morogoro. Ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, au ikiwa ni ya fungu la 10, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na huwezi kulipigia tawi kutoka Dar au popote. Si kikwazo. Acha tawi lianzishe VPN kuelekea makao makuu, kwenye ile anwani moja ya umma niliyokutajia. Ukitumia WireGuard, programu ya VPN, weka tawi litume ishara kila baada ya sekunde 25 ili njia isifungwe.

IPv6, mfumo mpya wa anwani, muulize mtoa huduma wako, ikipatikana ijaribu kwanza kwenye VLAN ya wageni. Haitakuokoa Jumatatu hii, maana mashine nyingi za vidole na kamera za zamani hazisemi lugha hiyo.

Anwani zote, kuanzia leo, ziandikwe mahali pamoja: anwani, MAC, kifaa, chumba, porti ya swichi, tarehe. Jedwali la kawaida linatosha kwa vifaa mia mbili tatu. Ukivuka hapo, NetBox na phpIPAM, programu za kutunza orodha ya anwani, ni za bure. Skopu yoyote ikigonga asilimia 80, usingoje.

Kuna hali ambazo sikushauri uendelee peke yako. Kama swichi zako hazisimamiki na zimeungwa mkia kwa kichwa juu ya dari, kama hakuna mwenye nywila za swichi, kama kwenye mtandao huo kuna mashine za malipo ya kadi, au kama simu hazipati anwani hata baada ya PercentageInUse kushuka chini ya 70, mwite mtaalamu wa mitandao afike. Hilo la mwisho laweza kuwa waya uliozunguka kwenye swichi mbili, au akses pointi moja ya ukumbi wa mafunzo iliyobebeshwa vifaa 60, na hayo hayaonekani kwa mbali. Atakapokuja mkabidhi jedwali lako, matokeo ya ipconfig /all kutoka kompyuta tatu zenye shida, na picha ya kila kabati la swichi waya zikiwa ndani. Akimaliza, kabla hujamlipa, akuachie nakala ya mipangilio ya kila kifaa alichokigusa na nywila zake.